Nilisema Bwawa Napajua

Kuna aibu ambayo mtu anaoga mara moja inatoka, na kuna ile ambayo hata baada ya miezi, ukiwa peke yako umekaa tu, unaikumbuka na unajikuta umefunika uso kwa mikono na hakuna mtu anayekuangalia. Hii yangu ni ya aina ya pili. Naisimulia leo kwa sababu najua wengi wenu mmeshaisikia kwa Juma, na Juma anaongezanga chumvi, ati nilipiga magoti. Sikupiga magoti. Hayo mengine yote ni kweli.

Mimi ni karani wa faili katika ofisi moja ya serikali hapa Kakamega mjini (ofisi yenyewe niache, bado nakula mshahara wao), na mwaka huu mkubwa wetu, Mzee Musundi, alikuwa anastaafu. Tukawa tunajadiliana wakati wa chai tumpe nini, mbuzi ama blanketi ama ile saa ya ukutani ambayo kila anayestaafu anapewa na haangalii tena, mpaka Madam Phanice, sekretari wetu, akaona afadhali amuulize mwenyewe. Mzee akafikiri, akasema yeye hataki kitu cha kubeba. Alipokuwa mdogo alikuwa akivua samaki mtoni kwa ndoano ya pini, na tangu aanze kazi hajawahi kukaa kando ya maji hata siku moja bila mtu kumletea karatasi ya kutia sahihi. Kama tunaweza kumpatia siku moja ya hivyo, basi.

Akauliza kama kuna yeyote kati yetu anayejua pahali penye maji matulivu, si lazima pawe mbali. Nami sijui nilishikwa na nini, nikasema napajua. Matete kuna bwawa zuri, nikasema, nyumbani kwa mtu, lina samaki wakubwa hivi (nikaonyesha kwa mkono mpaka kwenye kiwiko).

Ukweli ni kwamba nilikuwa na namba ya simu tu. Namba ya mzee mmoja anaitwa Sifuna, aliyewahi kuniuzia samaki sokoni, akaniambia anafuga mwenyewe kwake Matete, nikipenda nije siku moja nivue kwa mkono wangu. Kufika kwake sikuwa nimefika. Nilipanga niende peke yangu wiki moja mapema nipaone, lakini hiyo Jumamosi kulinyesha, na iliyofuata kulikuwa na mazishi, basi nikampigia tu. Akanielekeza haraka haraka: mkipita soko la Matete mshike barabara ya murram kwenye kinu cha posho, mpite kanisa, lango la pili mkono wa kushoto, nyumba ya mabati ya bluu, bwawa liko mbele ya nyumba, huwezi kupotea. Nikaandika nyuma ya bahasha. Na jioni hiyo Madam Phanice aliponiuliza kama kule nimeshafika, badala ya kusema bado, nikamwambia mara nyingi.

Hapo ndipo mambo yaliharibikia. Mara nyingi. Ningesema hata mara moja ingekuwa afadhali, kwa sababu mtu aliyefika mara moja anaruhusiwa kusahau.

Tukapanga. Tungekuwa wanne: Mzee Musundi, Madam Phanice, mimi na Juma, mwenzetu wa Mumias, ambaye ana gari na ambaye aliahidi kuleta mianzi minne yenye uzi wa nailoni na ndoano. Madam Phanice akachukua upande wa chakula, akanunua mikate mitatu mikubwa, soda, na pia sukari, majani chai na mafuta ya kupikia vya kumpa mwenye bwawa, kwa sababu yeye hawezi kuingia kwa watu mikono mitupu. Mimi nikabaki na chambo. Nikachimba minyoo nyuma ya jikoni kwangu, ile minono ya kwenye udongo mweusi, nikaijaza kwa kopo la siagi lililoisha, nikatoboa mfuniko ipate hewa, na asubuhi nikalichomeka kopo katikati ya mikate kwenye kikapu cha Madam Phanice ili lisianguke. (Sikumwambia. Anaogopanga minyoo.)

Tuliondoka saa mbili na nusu. Mzee Musundi alikuja na suti ya bluu na kofia, na Juma alipomtania kidogo kuhusu suti alisema maji ni ya kuheshimiwa. Madam Phanice alivaa kitenge kipya. Mimi nikiwa mwenye kupanga safari nilivaa koti. Tukapita Malava tukiwa na furaha, Mzee akihadithia samaki aliyemponyoka akiwa darasa la tano, tukafika Matete, tukapita soko, tukaona kinu cha posho, tukashika murram.

Makanisa yalikuwa mawili. Moja upande huu, na ukienda kidogo, lingine.

Juma akapunguza mwendo, akaniangalia kwa kioo. Mtu aliyefika mara nyingi hawezi kusita kwenye kanisa. Nikamwambia twende, ni hilo la mbele. Tukapita la pili, tukahesabu malango, la pili mkono wa kushoto, na kweli, nyumba ya mabati ya bluu, na mbele yake bwawa, maji ya kijani na migomba pembeni. Nilishusha pumzi mpaka kioo cha gari kikaingia ukungu. Lakini pembeni ya bwawa kulikuwa na hema, na chini ya hema viti vya plastiki vimepangwa mistari, na watu.

Madam Phanice akasema sikujua umepanga mpaka hema, Bonface. Nami hata mimi sikujua, lakini nikanyamaza kile kimya cha mtu aliyepanga mpaka hema.

Nikampigia Mzee Sifuna, nikamwambia tuko kwenye lango. Akasema karibuni, ingieni tu, yeye yuko nyuma huku anatengeneza wavu, watu wa nyumbani watatupokea. Na kweli tulipokelewa. Tulipofungua milango ya gari wanawake walipiga vigelegele. Mama mmoja akachukua kikapu kutoka kwa Madam Phanice kwa mikono miwili, akakipeleka ndani kwa heshima, mwingine akabeba soda. Mzee Musundi akanong'ona kwamba huku watu wanathamini wavuvi. Tukawekwa kwenye viti vya mbele vilivyofunikwa vitambaa, tukaombewa kwa muda mrefu sana, na kwa heshima ya maombi nikazima sauti ya simu.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa, kwa sababu mpaka leo mke wangu anauliza ilikuwaje sikuelewa. Mtu mnene wa makamo, aliyejitambulisha kuwa ndugu ya mwenye boma na msemaji wa siku, alisimama akasema wenye nyumba wamefurahi kutuona, ingawa tumekuja wachache, na kwamba sasa tuseme wenyewe kilichotuleta, kwa maana hawawezi kujua yaliyo moyoni mwa mgeni. Kisha akauliza mwenye safari hii ni nani kati yetu. Nikasimama nikafunga kifungo cha koti. Nikasema ni mimi.

Watu wakanipima kwa macho kutoka kwenye viatu kwenda juu. Nikasema tumetoka Kakamega mjini, tumesikia boma hili lina samaki wazuri, waliolelewa vizuri, na roho zetu zimewatamani, basi tumekuja na mzee wetu huyu, kama watakubali, tuvue.

Watu walipiga makofi. Kwa nini wanapiga makofi, nikajiuliza, lakini nikainamisha kichwa kidogo.

Msemaji akasema samaki wao kweli ni wazuri, na si wazuri tu, wamesoma. Huyu wa leo amefika mpaka chuo. Nikafikiri labda ni ile mbegu inayoletwa na watu wa utafiti, nikasema hiyo ni sawa, sisi hatubagui. Akauliza kama tunajua kutunza, asije samaki wao akafika huko tukamtesa. Nikasema sisi tukishamtoa kwa maji hatachukua muda wa kuteseka. Hapo hawakupiga makofi. Akakohoa, akauliza kama tunataka mmoja. Nikasema hata watatu, kama wapo. Akamtazama Juma na kofia yake ya Kiislamu, akatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa kitu, akasema leo watatoa mmoja tu.

Nikaona ni ubahili lakini sikubishana.

Kisha chakula kikaja. Obusuma, ugali mkubwa kama mlima, mboga, na ingokho, kuku wa kienyeji aliyepikwa na mchuzi mzito, na kabla hatujagusa, mwenye boma mwenyewe, Mzee Lusweti, mtu mrefu asiyesema sana, alikuja na sahani ndogo akaniwekea mbele yangu imondo. Nyinyi mnajua kwetu firigisi ya kuku hapewi mtu hivi hivi. Mimi hata kwangu siipatangi vizuri, watoto wananizunguka. Nikamuangalia Mzee Musundi, maana yeye ndiye mkubwa, akaniambia kula, usiwaaibishe. Nikala. Juma aliuliza kwa adabu ni nani aliyechinja, akaambiwa, akabaki na obusuma na mboga, na wenyeji wakasifu msimamo wake.

Nilikuwa napangusa mikono nilipomuona senge anakuja kutoka jikoni. Senge ni shangazi wa upande wa baba, na katika shughuli ya nyumbani hakuna anayeogopwa kumpita. Alikuwa ameshika kopo la siagi, mkono umenyooka mbali na mwili. Akasimama mbele yangu akauliza, polepole, hii ni mila ya wapi.

Nikamwambia samahani mama, hiyo ni chambo. Samaki hawezi kuja hivi hivi, lazima umpe kitu cha kumvuta.

Wazee wakacheka mpaka mmoja akakohoa, wakasema kijana anajua maneno. Senge hakucheka. Alirudi jikoni na kopo huku akigeuka nyuma kuniangalia. Na hapo Madam Phanice akaanza kunivuta koti. Nikafikiri anataka tuharakishe kwa sababu ya mvua. Akavuta tena, akanong'ona, "Bonface, wewe si umeoa?" Nikamwangalia nikijiuliza hilo limeingiaje kwa mambo ya samaki, na kabla sijamuuliza, nyimbo zikaanza.

Kutoka ndani ya nyumba wakatoka watu watano kwa mstari, wakitembea pole pole, kila mmoja amefunikwa leso kutoka kichwani mpaka magotini. Wakasimama mbele yetu. Msemaji akaniita katikati, akanipiga bega, akasema haya, samaki ndio hao, vua wako.

Wandugu, nilisimama pale. Niliangalia bwawa. Niliangalia wale watu watano. Nilihisi kuna kitu ambacho kila mtu hapo anakijua isipokuwa mimi, na kwamba nikiuliza sasa nitaonekana mjinga, basi nikaamua labda ni mchezo wa kukaribisha wageni, ufanyike uishe twende kwa maji. Nikaenda kwa wa tatu, kwa sababu alikuwa katikati, nikainua leso.

Alikuwa msichana mzuri, amesukwa nywele vizuri, na alikuwa anatabasamu. Tabasamu likakaa kidogo, kisha likaondoka.

"Baba," akasema, bila kuniondolea macho, "huyu mtu simjui."

Hapo hapo tukasikia magari yakiingia kwenye lango, matatu, moja limejaa matope mpaka kwenye madirisha, na wakashuka watu kama kumi na watano wenye suti, na mbele yao kijana wa tai nyekundu akiwa na maua. Alimuona msichana. Akaniona mimi, nimeshika leso.

Ndipo ikaniingia yote kwa pamoja, hema, makofi, chuo, imondo: ilikuwa siku ya posa, samaki ni binti, na mimi nimekaa kwenye kiti cha bwana harusi.

Mzee mmoja wa wale waliofika, ambaye baadaye nilijua ni mjomba wa bwana harusi, hata hakukaribia hema. Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba wao wamekwama kwenye matope saa mbili nzima wakija hapa, na kama binti huyu alikuwa wa kushindaniwa wangeambiwa mapema wasipoteze siku. Akamwambia dereva ageuze gari. Msemaji akaniangalia mimi kana kwamba nina jibu. Yule kijana wa tai nyekundu alikuwa amesimama tu, maua yameelekea chini, na msichana, ambaye jina lake ni Naliaka, alianza kutetemeka mdomo. Nikaona kwamba hii si aibu yangu peke yangu tena. Ndoa ya mtu ilikuwa inaondoka kwa sababu ya bahasha yangu.

Naliaka akaniambia, chini chini, "Sema wewe ni nani. Sema sasa."

Nikasema. Mbele ya boma zima, na leso bado mkononi. Nikasema jina langu, kazi yangu, kwamba nina mke na watoto watatu, na huyu binti sijawahi kumuona maishani. Nikasema tulikuja kuvua samaki, wale wa majini, kwa ndoano, katika bwawa la Mzee Sifuna. Nikasema hata huko kwa Mzee Sifuna sijawahi kufika, niliwadanganya wenzangu kwamba napajua, na njiani niliona makanisa mawili nikaogopa kuuliza. Nilipofika hapo nilisikia Mzee Musundi nyuma yangu akivuta pumzi.

Hakuna aliyeniamini mara moja. Mjomba aliuliza ni mtu gani mzima anayekula imondo ya wenyewe akidhani amekuja kuvua samaki, na swali lilikuwa la haki. Aliyeniokoa ni senge. Alisema kutoka mlangoni pa jikoni, "Ndiyo maana ya wale minyoo," akalileta kopo, akaenda nalo mpaka kwa mjomba, akalifunua. Juma naye akakimbia kufungua buti ya gari, akatoa mianzi minne na ndoo. Mjomba akaangalia minyoo, akaangalia mianzi, akaangalia Mzee Musundi na suti yake. Kijana wa tai nyekundu ndiye alianza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini kwenye nyasi na maua yake, na Naliaka alipomuona anacheka akaanza kulia, kile kilio cha kufunguka roho.

Mjomba hakucheka. Alisema wao watakaa, lakini jambo lililoharibiwa lazima lirudishwe mahali pake. Basi nikaambiwa nimfunike yule binti tena, kwa leso ile ile, vizuri, mpaka magotini, nikamfunika watu zaidi ya hamsini wakiangalia mikono yangu, nikaomba msamaha kwa baba yake, kisha kwa mjomba, kisha kwa bwana harusi, nikarudi nyuma. Bwana harusi akaja akamfunua upya na vigelegele vikaanza upya. Kuku wengine wakachinjwa. Imondo yenyewe haikuwa na namna ya kurudishwa.

Kwenye gari nikafungua simu, nikakuta Mzee Sifuna amepiga mara kumi na moja. Kwake kulikuwa karibu na kanisa lile la kwanza, lango la pili kushoto, mabati ya bluu vilevile, maana miaka fulani kila mtu huku alichimba bwawa. Tulifika saa tisa, na mvua ya saa tisa ya huku mnaijua. Ilishuka na radi, Mzee Sifuna akasema kwa radi hii hakuna mtu atakaa kando ya maji na mwanzi mkononi, tukamuomba msamaha naye pia, tukageuka. Mzee Musundi hakuiona hata ndoano ikilowa.

Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lilinitisha. Tulipopita Malava akaniuliza bila kugeuka kwa nini sikusema tu kwamba sipajui. Nikamwambia ukweli, nimeshachoka kudanganya siku hiyo: niliogopa ataondoka ofisini akiniona mtu asiyetegemeka.

"Bonface," akasema, "miaka kumi na moja nikikuuliza faili liko wapi unaniambia unajua. Halafu nasikia ukifungua makabati yote. Mimi nilikuwa nakuachianga tu muda utafute."

Madam Phanice aliangalia dirisha. Juma aliwasha wipa kwa nguvu ingawa mvua ilikuwa imepungua. Na mimi ninawaambia, aibu ya siku ile haikuwa pale kwa hema na leso, ilinishika hapo, kwenye kiti cha nyuma, kati ya ndoo na mianzi mikavu, nikiwaza miaka kumi na moja ya milango ya makabati.

Kwa hivyo nimeapa, na mpaka sasa nimeshika. Mtu akiniuliza kitu nisichokijua nasema sijui, hapo hapo, kabla mdomo haujapata nafasi ya kupanga safari. Jumatatu ile mkubwa mpya alipokuja kuniuliza faili fulani liko wapi, nikamjibu sijui, ngoja nitafute. Madam Phanice akaacha kuchapa, akanigeukia, akaniuliza kama ninaumwa.